Anayekaa Mbele

…na usitikisike, ananong'ona Fernand kutoka nyuma, kashika tawi mtumbwi usisogee, eti dume lile la paa mkubwa wa nchi za baridi linakunywa maji, tulitazame, na Maryse huku mbele, kafi magotini linadondosha, tone, tone, analitazama lidude refu kuliko farasi, pembe kama makoleo, limeziba mto kama mto wa mama yake, mama… mama naye, udongo wa kaburi la baba haujakauka kashamleta huyu mezani, kwenye kiti kilekile, "muite hata anko, Maryse, utapungukiwa nini?", hapungukiwi kitu, na hamuiti, "umeona rangi hizo, binti? Hata kanisani huzipati," rangi gani, majani yanakufa yale, miti ya utomvu wa sukari imewaka nyekundu kilima kizima kwa vile baridi imeikaba koo, yeye anashangilia kama yuko harusini, fisi maji kapita, ona, ona! bata bukini angani, ona, ona! kwani Maryse kipofu? na kofia ya baba kaivaa, ile ya sufu, kaivuta mpaka kwenye hayo masikio kama vikombe vya chai, kuogelea hajui, mama kamfunga jaketi la uokozi kama mtoto wa chekechea, ila baridi ya maji haya haijui jaketi, na pale kwenye kona, mto unapoanza kukimbia, kuna jiwe limelala chini, ukiwa nyuma hulioni, wa mbele ndiye macho, wa mbele akisema kushoto wa nyuma anageuza, haulizi, ndivyo baba alivyomfundisha, sasa wa mbele akinyamaza? sikuliona, basi, nani atabisha, tangu asubuhi analitafuna neno hilo, sikuliona, tamu… "Maryse." "Nini." "Pale kwenye kona kuna jiwe. Mimi na baba yako tulipasulia mtumbwi pale. Mimi ndiye nilikaa mbele, nikaduwaa naangalia bata. Akanivuta kwa nywele, enzi hizo ninazo," anacheka bila sauti, mtumbwi unatetemeka, "leo majani yamefunika maji, sioni kitu. Utaniambia, eh?" …mshenzi, kumbe analijua, analijua na bado kamweka yeye mbele, hata siri yake kamwibia, sikuliona imeoza mdomoni, na baba, kila mwaka wakipita hapa, "kuna mjinga mmoja alisahau kusema," akicheka, jina hakulitaja hata siku moja, kumbe mjinga mwenyewe ndiye huyu, baba alimtoa majini huyu kwa mikono yake, huyu! anamchukia, jamani anamchukia, masikio yale, kofia ile, "eh, Maryse?" paa bado linakunywa, kafi bado linadondosha, na neno, bila kuitwa, limeshakaa kwenye ulimi wake, kushoto, Fernand, kushoto, we mjinga… na amenyamaza, ndiyo, ila kwa ajili ya paa tu.