Rangi ya Kucha Ndani ya Eda

Siku tone la rangi nyekundu lilipomdondokea Husnah kwenye ukucha wa dole gumba, eda yake ilikuwa imebakiza wiki moja kwisha. Alikuwa uani mwa nyumba yake, katika mtaa wa Kyebando, ameuinamia upinde uliolazwa juu ya meza ya kupigia pasi. Kwa kibrashi cha rangi ya kucha alikuwa akitia nukta kwenye kapi zake mbili, vile vigurudumu vinavyovuta uzi, ya juu na ya chini, ili aone kama zinazunguka pamoja au moja inamtangulia mwenzake. Ya chini ilikuwa inachelewa. Kumbe ndiyo maana mishale yake ilikuwa ikienda huku inatikisa mkia tangu kabla ya msiba.

Rangi ile aliinunua mumewe Latif akiwa hai, na ndani ya eda haikuwa na kazi nyingine. Mjane hapaki hina, hatii wanja, hajifukizi udi. Husnah aliyajua hayo na aliyashika bila kusukumwa na mtu, maana mumewe alimpenda, na machozi aliyomlilia hayakuwa ya kuwaonyesha wageni. Lakini hakuna aliyewahi kumwambia kwamba upinde nao hukaa eda.

Na upinde wa kapi una deko kumshinda bibi harusi. Usiposhughulikiwa, uzi hukauka ukaota manyoya, skrubu zikalegea, shabaha ikaenda na maji. Fundi wa kutegemewa yuko Nairobi, na bei zake ni za kumfanya mtu auze kitanda alale chini. Husnah hakuwa na kitanda cha kuuza. Alinunua nta ya nyuki katika soko la Kamwokya, akawa anaisugua kwenye uzi kwa vidole mpaka ipate joto na kuzama. Kijipete cha kulengea alikifunga kwa uzi wa kusafishia meno. Kwa jeki kuukuu na vyuma viwili alivyochomelewa mtaani alijitengenezea kibanio cha kuukunja upinde anapobadilisha uzi, na hapo alikuwa akisoma bismillahi kwa sauti, maana mikono ya upinde imebana nguvu za kumng'oa mtu meno.

Mwisho wa yote alibana gazeti kwenye fremu tupu ya dirisha, akaweka gunia la matambara nyuma yake na kurusha mshale kwa karibu. Gazeti likitoboka tundu safi, mshale umekwenda sawa. Likichanika mchaniko mrefu, kuna kitu hakijakaa mahali pake, basi anarudi kwenye skrubu, anageuza kidogo na kujaribu tena. Kazi hiyo ndiyo iliyomsaidia kuvuka miezi ile. Jioni za machozi zilikuwapo, lakini asubuhi zilikuwa zake.

Latif mwenyewe, Mungu amrehemu, hakuwahi kurusha hata mshale mmoja. Alikuwa dereva wa lori, mtu wa mzaha na mwenye mabega mapana, na kwa upinde kazi yake ilikuwa kuubeba tu. Husnah aliununua upinde ule kwa fedha za cherehani yake, kutoka kwa Monique, Mkongo wa klabu yao ya kulenga shabaha, aliyehamia Kigali. Kila Jumamosi walipokwenda kwenye uwanja wa klabu, kule mlimani Mbuya, Latif ndiye aliyeutia begani, ili majirani wasipate la kutafuna juu ya mke wa mtu kubeba silaha. Mtaa mzima ukamwita Latif Upinde. Aliitika huku anacheka, na Husnah naye alicheka. Walidhani wamewacheza shere majirani.

Basi mchana ule wa nukta, wifi yake Rumaisa aliingia na bakuli la mchuzi, akanusa, akauona ukucha. Hakuuliza. Aliweka bakuli chini, akaaga kwa upole usio wa kawaida yake, na kabla ya magharibi habari ilikuwa imeingia kila nyumba ya ukoo: mjane wa Latif anapaka rangi kucha, udongo wa kaburi haujakauka. Umbea hauna posho, lakini wafanyakazi wake hawagomi.

Jumapili alasiri wakaja. Kasim, mdogo wake Latif, alitangulia. Rumaisa alifuata, na nyuma yao Shehe Yasiin, aliyewafundisha wote juzuu na ambaye ukoo ulimpelekea kila lililowashinda. Walikalishwa mkekani, uani. Shehe alizunguka mbali kama ilivyo adabu, akagusia heshima ya eda na ndimi za watu, na ilipofika zamu ya ukucha wenyewe, akakohoa.

Husnah hakungoja kikohozi kiishe. Aliingia ndani, akaja na upinde na ile chupa ya rangi, akaviweka mbele yao. Aliwaonyesha nukta moja moja, akawaeleza kazi yake. Shehe aliinama, akatazama kapi kwa makini, na uso wake ukakunjuka. Rumaisa alijifunika ushungi mpaka mdomoni.

Hapo shauri lingekwisha, kama si Kasim. Aliunyakua upinde.

"Mulamu, shemeji yangu, hii upinde ni ya marehemu. Kyebando yote ilimuona nayo. Mali bado hatujagawa, na wewe unaifungua fungua? Mimi tayari niko na mtu wa kuinunua."

"Ni wangu," alisema Husnah.

Kasim alicheka, akasimama, na kwa kuwaonyesha kwamba chombo cha kiume kinawajua wenyewe, akauvuta. Hakukuwa na mshale. Alivuta kwa nguvu mpaka kapi zikapinduka na uzito ukamtoka ghafla mkononi, akakwama hapo, uzi ukiwa umekomea mbali na shavu lake.

"Imeharibika. Haifiki."

"Haujaharibika. Umepimwa kwa urefu wa mkono wangu. Kasim, usiachie." Sauti ya Husnah haikupanda. "Ukiachia bila mshale utapasuka usoni pako. Kaza mkono. Utataka kukuvuta, usikubali. Rudisha pole pole. Pole pole, nimesema."

Kasim alianza kuurudisha uzi huku anahema. Husnah aliwaza, na hakujionea haya kuwaza, kwamba angeweza kunyamaza tu. Lakini alihesabu naye kila inchi mpaka uzi ukarudi mahali pake. Jasho lilimtiririka Kasim hadi kwenye kola. Kisha akaushika upinde kwa nguvu zaidi.

Shehe Yasiin alivuta pumzi, akasema kwamba kwa desturi silaha huhesabiwa kuwa chombo cha mume, lakini mambo yasiwe makubwa. Kama binti yake Husnah ana shahidi, amtaje. Kama hana, ataletewa msahafu, aape kwamba upinde ni wake, na Kasim atanyamaza.

Njia ilikuwa nyepesi. Namba ya Monique ilikuwa kwenye simu, na kiapo chenyewe kingekuwa cha kweli tupu. Kasim alikuwa tayari ameshatazama pembeni, kama mtu anayejiandaa kushindwa kwa heshima. Husnah alihisi hasira ikimpanda taratibu, safi, bila kutetemeka. Siapi, alijiambia. Kwa upinde huu siapi.

"Maalim," alisema, "lau ningekufa mimi akabaki Latif, mngemwapisha?"

Shehe alizishika ndevu zake. Kasim alisema kwamba hayo ni mambo mengine, lakini aliyasema huku anautazama ukuta.

"Asingeapishwa," alisema Rumaisa kutoka ndani ya ushungi wake. "Hata kuulizwa asingeulizwa."

Wote walimgeukia. Aliinamisha kichwa, ila neno lake hakulirudisha.

Husnah alisimama, akamwendea Kasim na kunyoosha mkono. Kasim aliutazama ule mkono, kisha akamtazama Shehe, na Shehe alikuwa anatazama mkeka. Alasiri ilikuwa inaisha. Mkono wa Husnah ulikuwa bado umenyooshwa, ukiungoja upinde wake.