Sahani Iliyoachwa Mezani

Mwanvita alikuwa akipiga pasi mashuka ya hosteli ya misheni alipomwona Sista Yustina akipita na shada la funguo, anaelekea nyumba za wafanyakazi. Nyumba ni za kanisa, na Sista huzikagua apendapo, mwenyewe awepo asiwepo. Na leo, mezani, Mwanvita ameacha kombe: sahani nyeupe iliyoandikwa aya za Kurani kwa zafarani. Mwalimu wa Mlingotini alimwambia aache wino ukauke, magharibi aisuuze kwa maji ayanywe, huenda Mungu akamjalia mtoto baada ya miaka tisa ya kungoja.

“Leo naitwa mchawi,” akawaza, “nafungashiwa virago.”

Akazima pasi, akatoka mbio, kanga mkononi. Akamkuta Sista anafunga mlango, uso mkunjufu.

“Shikamoo, Sista.”

“Marahaba, mwanangu. Nyumba safi, hongera. Ila uliacha sahani chafu mezani, ina manjano yamegandia. Nimekuoshea. Nimeisugua kwa sabuni mpaka imetakata.”

“Ahsante, Sista,” akajibu Mwanvita, maana nyumba ni ya kanisa.

Bora angemfukuza.