Nitajibu Mwenyewe

Kwa miaka sita mama mmoja alimsemea bintiye kila mahali. Mtoto alizaliwa na mpasuko wa mdomo na kaakaa, na maneno yake yalipitia puani, hata shangazi zake walikuwa hawamwelewi. Nesi ndiye aliyemfundisha mama kumlisha kwa chupa laini. Daktari wa upasuaji aliushona mdomo, kisha kaakaa, na mwalimu wa matamshi akahangaika na mtoto kwenye “pa” na “ba” mwaka mzima.

Siku ya kliniki wote walikaa chumba kimoja, daktari wa meno akiwemo.

“Haya mwanangu,” daktari wa upasuaji akauliza, “shuleni unapenda nini?”

Mama akadakia kama kawaida yake. “Anapenda sana—”

“Mama, pumzika. Nitajibu mwenyewe. Napenda kupaka rangi, ila penseli zetu butu.”

Kila herufi ilitoka mdomoni, safi kabisa. Mwalimu wa matamshi alijifuta macho bila kificho, na nesi akapiga kigelegele kilichosikika hadi mapokezi. Mama alijiona amekua kimo palepale kitini.

“Meno ya juu bado yana kazi,” daktari wa meno akamwambia. “Tuanze lini?”

“Muulize mwenyewe,” mama akasema. “Si umemsikia?”