Kompyuta ya Prosesa Mbili Dukani kwa Wifi

Wifi yangu alipoleta kompyuta yenye prosesa mbili, yaani bongo mbili ndani ya mashine moja, kwenye duka lake la kuchapa barua, mtaa mzima tulikwenda kuitazama kama mzazi aliyejifungua. Akavuta kiti, akaanza kuchapa barua ya mteja kwa vidole vyake viwili vilevile. Ta… ta… ta.

"Wifi, hata ingekuwa na prosesa kumi, zote zingekusubiri wewe."

"Wivu huo. Utakukondesha."

Sikukonda. Nilimcheka mpaka siku alipoingia Mpiga Video, jasho likimtiririka. Alirekodi harusi ya binti mkubwa wa fundi cherehani, na maharusi walikuwa wanasafiri jioni ile. Lakini roho haikumruka kwa ajili ya maharusi. Alikuwa anamtaka mdogo wake bibi harusi, na baba mtu alishasema, "Kwanza niione kazi yake." Sasa kompyuta yake kuukuu ilikuwa inaandaa filamu tangu jana, haijafika hata kwenye keki.

"Dada, niokoe. Mzee anakuja kuichukua saa kumi."

Wakaipakia harusi nzima kwenye mashine ya Wifi. Tukangoja. Filamu ikatambaa kama konokono.

"Mbona kama ileile ya kwako?" nikauliza.

Mpiga Video akachungulia kwenye skrini, akashika kichwa. "Programu yangu ya zamani. Inatumia prosesa moja tu."

"Na ya pili?"

"Imekaa."

"Kama mgeni rasmi! Si muipe nayo kazi yake? Jikoni kwangu hakai mtu bure."

Wifi akanikata jicho, ila Mpiga Video alishaelewa. Akaikata harusi vipande viwili, akafungua programu mara mbili: hotuba huku, dansi kule. Mashine ikavuma, vipande vyote vikaenda pamoja. Saa tisa na nusu vilikuwa tayari, hakuna aliyepata nafasi ya kuvitazama.

Mzee alipofika akataka kuona palepale. Hotuba alizipenda. Dansi ilipoanza, akavaa miwani. Bibi harusi alipita mara moja, tena mgongo. Kilichobaki chote ni mdogo wake: anacheka, anacheza, anafunga kiatu.

Mpiga Video alikuwa anaitazama sakafu.

"Kijana," mzee akasema, "harusi ilikuwa ya nani?"

"Ya… ya dada yake, baba."

Mzee akavua miwani, akaifuta polepole. "Jumapili mlete mjomba wako nyumbani. Na hiyo kamera uiache kwenu."