Mlipuko wa Saa Kumi na Dakika Kumi

Ilipofika saa kumi na dakika nane alasiri, Asekon aliondoa vikombe juu ya debe akaviweka mchangani, akafunika sufuria ya maziwa, akamsogeza kando mbuzi mwenye mimba. Kisha akakaa. Saa kumi na dakika kumi mlipuko ukatoka kifuani mwa mumewe, Ekuwam, sajini mstaafu, kama ulivyotoka kila siku tangu arudi kutoka vitani Somalia. Vumbi likadondoka kutoka kwenye paa la majani ya mkoma. Mbuzi wakahama kivuli. Majirani waliokuwa ng'ambo ya laga, ule mto mkavu, wakajua saa ya kunywesha mifugo imefika.

Ayak alingoja vumbi litulie, akaendelea na swali la kumi na tisa. Alikuwa msaidizi wa utafiti, binti wa Kidinka aliyelelewa kambini Kakuma, na mradi ulimtuma kuwahoji wanajeshi wastaafu wa Turkana. Fomu ilikuwa ya Kiingereza; yeye aliuliza kwa Kiswahili. Je, mlipuko bado unakusumbua? Majibu ya kuchagua yalikuwa matatu: hapana, mara chache, mara kwa mara. Akaweka alama kwenye la tatu.

Ekuwam alieleza kwamba ni lori lao lililokanyaga bomu saa hiyohiyo, na kwamba hajapata usingizi wa maana kwa miaka kumi na miwili. Ekicholong, kile kigoda ambacho wanaume wenzake hukikalia na pia kukilazia kichwa, yeye alikikalia tu. Alipoombwa kutia dole gumba, aliuliza swali moja.

"Hii majibu itarudi hapa?"

Fomu haikusema lolote juu ya hilo. Lakini Ayak alikuwa amekunywa chai ya Asekon mpaka chini, na katika boma lile, kama nyumbani kwa mamake mwenyewe, mtu aliyemaliza chai haondoki bila kuacha neno jema.

"Itarudi, mzee," akasema. "Nitaleta mimi mwenyewe."

Baada ya hapo mambo yalikwenda vizuri, na hilo ndilo linalouma. Kwa wiki nane, kila Alhamisi, gari la mradi lilimleta kutoka Lodwar mshauri nasaha aitwaye Elyse, mama mpole asiye na haraka. Hakuleta hata kidonge kimoja. Alimwacha Ekuwam asimulie lile lori: nani alikaa upande gani, nani alikuwa akiimba, nani aliomba maji akayakosa. Wiki ya tatu vumbi halikudondoka. Wiki ya sita mlipuko ulikuwa kama kifuniko cha sufuria kilichoponyoka mkononi. Wiki ya nane Ekuwam alikohoa tu, akalaza kichwa kwenye ekicholong mchana kweupe, akalala mdomo wazi. Asekon alikaa kando yake akimfukuzia nzi huku akilia kimyakimya, maana alikuwa amesahau mumewe akilala anafananaje. Siku hiyo majirani walichelewa kunywesha mbuzi.

Kisha utafiti ukaisha. Gari likarudi Nairobi, Elyse akapewa barua ya shukrani. Mwezi uliofuata majirani wakaanza kujua saa tena.

Ripoti ilizinduliwa katika hoteli moja mjini Lodwar, watu wakala samaki wa ziwani kutoka Kataboi. Ilikuwa ripoti nzuri kweli. Ilisema tiba imepatikana, ni ya bei nafuu, na zahanati yoyote inaweza kuitoa. Ukurasa wa arobaini na moja ulimtaja Ekuwam kwa namba. Mgeni wa heshima aliufungua ukurasa huo saa kumi na dakika kumi. Glasi zikatetemeka. Mgeni akaifunga ripoti, akapangusa vumbi kwenye koti lake, akashauri nakala zihifadhiwe mahali pasipopita watu wengi. Zikawekwa stoo. Hadi leo mlango wa stoo hutikisika kila siku ifikapo saa hiyo, na mlinzi hushikilia kikombe chake. Ayak aliuliza ni zahanati gani itaanza. Akaambiwa jambo hilo linahitaji utafiti zaidi.

Ahadi ni deni. Akaomba nakala moja, akaifunga kwa leso, akarudi nayo Kakuma, bomani kwa Ekuwam.

"Ejok," Asekon alimsalimu, akamtandikia ngozi, akamtilia chai. Ayak alifungua ukurasa wa arobaini na moja, akasoma polepole kwa Kiswahili, mpaka mwisho.

"Inasema ulipona, mzee."

Ekuwam alifikiri. "Ni ukweli. Nilipona. Mwenye aliandika, anajua nimerudi vile nilikuwa?"

"Anajua."

"Basi yule mama atakuja Alhamisi?"

Ayak alitoa tableti begini. Kulikuwa na mradi mpya, uliotaka kujua kwa nini matokeo ya mradi wa kwanza hayajawafikia wagonjwa, na swali lake la kwanza lilikuwa lile la mlipuko. Alilisoma akiwa ameinamisha uso, kwa aibu.

Asekon alitazama jua, akaviweka vikombe mchangani, akafunika maziwa, akaweka jiwe juu ya ripoti. Mlipuko ukatoka kifuani mwa Ekuwam na mwingine ukatoka kwenye ripoti, kwa pamoja, jiwe likabingirika hadi miguuni pa mbuzi. Ayak akaweka alama kwenye jibu la tatu. Ekuwam akatia dole gumba, kisha akauliza tena kama majibu yatarudi.

Ayak alikitazama kikombe chake. Chai ilikuwa bado moto, ya maziwa mengi, naye alikuwa na kiu tangu Lodwar. Hakuigusa. Aliaga kwa heshima, akaondoka.

Asekon alikiangalia kile kikombe kilichojaa, akaelewa. Akairudisha chai kwenye sufuria, akamsogezea mumewe kigoda kivulini, akaenda kunywesha mbuzi.