Kadi Nyingine ya Harusi ya Twahira

Twahira alipotangaza kwamba hataki studio ya kukodi, baba yake alidhani anatania. Walikuwa barazani kwao Levolosi wakinywa chai, na maandalizi ya harusi yalikuwa yamepamba moto.

"Kurekodi watarekodi ndugu na marafiki kwa simu zao," alisema. "Ila wa kukata na kuunga nataka uwe wewe baba, na Anko Elimringi. Kwenye kompyuta yenu ileile."

Baba yake, Mikidadi, alicheka. Kompyuta hiyo ilikuwa katika chumba cha uani, imefunikwa kanga kuukuu, tangu yeye na rafiki yake Elimringi walipofunga studio yao ya mtaa wa Sakina. Enzi zile ilikuwa nadra harusi ya maana kando ya barabara ya Nairobi isipite mikononi mwao. Elimringi alibeba kamera begani, Mwanamkuu mke wa Mikidadi alishika taa, na Mikidadi mwenyewe alikaa mbele ya skrini akiunga vipande, akitia maua yanayozunguka na mioyo inayopepea, kwa maana watu ndivyo walivyopenda. Halafu kila mtu akawa na kamera mfukoni, wateja wakakatika. Elimringi akaenda Makumira kufuga ng'ombe wa maziwa, Mikidadi akafungua duka la vipuri vya pikipiki. Hawakugombana. Waliachana taratibu tu, wakawa wanaonana misibani. Mara ya mwisho walipokaa pamoja siku nzima ni alipozikwa Mwanamkuu.

Jioni hiyo alimpigia Elimringi, akamwita kwa jina la utani la zamani. "Mangi, binti yako anatutafutia kazi."

Elimringi alikuja kesho yake, amevaa viatu vyake vya kanisani. Walivua kanga, wakapuliza vumbi, wakawasha. Kompyuta ilinguruma kama zamani, lakini skrini ilijaa mistari ya kijani, ikazimika. Mikidadi alifungua kasha. Feni ya kadi ya grafiki, ile inayotoa picha kwenye skrini, ilikuwa imeganda, na kadi yenyewe ilikuwa na doa jeusi la kuungua.

Elimringi alimpigia mkewe kumwambia atachelewa, wanakwenda mjini kutafuta kadi.

"Si tulishapewa kadi ya harusi?" mkewe alishangaa.

"Hii ni nyingine, mama. Hii ni ya kompyuta."

Mjini, kwenye duka la kompyuta, walimkuta mwenye duka, dada mmoja aitwaye Blessing, akifuta kaunta.

"Shikamooni, wazee."

"Marahaba, mama. Tunatafuta kadi ya grafiki ya mashine ya zamani," alisema Mikidadi. "Isiwe ya bei ya kutisha."

Kabla hajamaliza, Elimringi alishashika moja iliyokuwa juu ya rafu, kubwa kama tofali, yenye feni tatu. "Miki, tazama hii! Na imeshatumika, kwa hiyo imeshuka bei."

"Pawa saplai yenu, hiyo ya kugawa umeme, ina nguvu kiasi gani?" Blessing aliuliza.

"Ndogo," Mikidadi alijibu. "Ni ileile tuliyonunua baada ya huyu bwana kuunguza ya kwanza."

"Ule ulikuwa umeme uliopanda ghafla, bwana!"

"Ulikuwa umeme? Wiki ya harusi ya watu wa Usa River unaniletea kadi ya kifahari, naiwasha, moshi unatoka kama jikoni. Nikaenda kuazima mashine ya fundi redio."

Elimringi alijaribu kukaza uso, akashindwa. Walicheka mpaka Blessing naye akacheka bila kujua anacheka nini. Mikidadi hakukumbuka mara ya mwisho walipobishana hivi.

Alitoa uzi mfukoni, uzi aliopimia nafasi ndani ya kasha, akaulaza juu ya ile kadi kubwa. Kadi ilipita uzi kwa kiganja kizima. Ndipo Blessing akatoa nyingine kwenye droo, fupi, ya feni moja.

"Hii haihitaji waya wa pembeni, inakula umeme wa bodi peke yake. Kwa gemu mpya itawachosha. Kwa video za harusi, itawafaa."

Aliijaribu kwenye mashine yake mbele yao. Elimringi aliitazama ile kubwa mara nyingine, kisha akairudisha rafuni.

"Haya, Miki. Safari hii umeshinda."

Nyumbani kadi iliingia bila shida. Skrini iliwaka safi. Programu yao ya kuhariri ilifunguka na kazi ya mwisho waliyoifanya: ukumbi wenye mapazia ya zambarau, bibi harusi akikaribia. Mara sauti ya mwanamke ikasikika, karibu kabisa na kamera.

"We Elimringi, nyanyua kamera, unamkata bibi harusi kilemba!" Kicheko chake kikafuata.

Mikono ya Mikidadi ilibaki juu ya kibodi. Twahira, aliyekuwa akipita na sinia la vikombe, alisimama mlangoni.

"Huyo si mama?"

Baba yake aliitikia kwa kichwa. Katika harusi zote zile Mwanamkuu hakuonekana hata mara moja, kwa sababu daima alikuwa nyuma ya taa.

"Nilikuwa nakwambia ufute sauti yake," Elimringi alisema polepole. "Wateja walikuwa wanalalamika."

"Kwenye kanda za wateja niliifuta," Mikidadi alisema. "Humu sikuifuta."

Twahira aliweka sinia sakafuni, akaketi kando yake. "Rudisha nyuma, baba."

Akarudisha. Kisha akarudisha tena.

Harusi ilifanyika, na Elimringi, licha ya simu zote zile, alikuja na kamera ya kuazima. Kazi ya kuunga iliwachukua majuma kadhaa, kwa maana walibishana kila kipande. Twahira alikataa mioyo inayopepea. Alichotaka ni kicheko cha mama yake kiwekwe pale yeye mwenyewe anapotoka mlangoni kwao, na kikawekwa.

Filamu ilipokwisha, Elimringi hakuwa na sababu ya kurudi Levolosi. Jumamosi iliyofuata akaja hata hivyo, na chupa ya maziwa. Mikidadi alikuwa tayari katika chumba cha uani, mbele ya kompyuta.

"Harusi ya Simaloi imo humu, nzima," alisema. "Yule mteja wetu wa Ngaramtoni. Unadhani yeye na mumewe bado wanakaa palepale?"

"Sijui," Elimringi alijibu, akivuta kiti. "Tumalize kuitazama, halafu twende tukawaulize kama wanataka nakala."