Kina Kilichovunjika

Mwalimu Gladness hakuwa mtu wa kusamehe kina kilichovunjika. Mwanafunzi angeweza kuchelewa kipindi, angeweza kusahau daftari nyumbani, yote hayo angeyameza. Lakini shairi la vina likikosa kina, alishika kalamu nyekundu kama mtu aliyeibiwa. Ndiyo maana Alhamisi ile, saa tisa mchana, mvua ikipiga bati la ofisi ya walimu mpaka watu wakawa wanasikilizana kwa shida, alikuwa amelikunjia uso daftari la Batuli Uwesu wa kidato cha tatu.

"Mkaidi huyu!" alisema. "Kanifanyia tena."

Aliyemsikia ni Mwalimu Hamidu wa Jiografia, aliyekuwa dirishani akiitazama pikipiki yake inavyolowa. Hamidu alizaliwa hapa hapa kijijini Busi. Gladness alikuwa mtoto wa Majengo, Dodoma mjini, kwa wauza nafaka, ambako ardhi imelala na haimsumbui mtu. Alikuwa ameripoti Januari, na tangu afike alizijua njia mbili tu, ya dukani na ya shuleni.

"Kafanya nini?" Hamidu aliuliza.

Gladness akamweleza. Wiki tatu nyuma alifundisha tamathali za semi. Alisimama mbele ya darasa akasema kwamba mshairi hasemi jambo waziwazi, hulificha ndani ya picha, na hakuna awezaye kumshtaki kwa alichokificha. Batuli, ambaye kwa kawaida hanyooshi mkono, akanyoosha. "Hata kama ameapa kutosema, mwalimu?" Darasa likacheka. Gladness naye akacheka, akajibu, "Hata huyo." Kisha akawapa kazi: kila mtu atunge ubeti mmoja wenye tashihisi, yaani kitu kisicho na uhai kipewe matendo ya mtu, na kila Alhamisi aulete tena akiwa ameuboresha. Batuli alileta huu:

*Jirani hana mlango, hula bila ya maneno,*
*Ametafuna udongo, amemeza na mavuno,*
*Anakuja kwa mpango, kinywa wazi hana meno,*
*Toka kwake hadi lango, hatua kumi na tano.*

Gladness aliusoma mbele ya darasa zima, sauti ikimtetemeka kwa raha, akasema picha yote ameiona. Njaa! Huyo jirani ni njaa, aliwaambia, na hizo hatua kumi na tano ni siku zilizobaki kabla ghala halijawa tupu. Mtu akishakaa chuo kikuu miaka mitatu anasomea fasihi, hata jiwe la kufulia litamwambia mambo.

Alhamisi iliyofuata ubeti ulirudi ulivyokuwa, isipokuwa mwishoni palikuwa pameandikwa *hatua zilizobaki tisa*. Kina chote kimekwenda na maji. Gladness alimwita mezani.

"'Kumi na tano' ilikosa nini?"

"Haikukosa kitu, mwalimu."

"Basi irudishe."

"Siwezi. Ni tisa."

Alimkata alama tatu ili ashike adabu. Na leo, baada ya alama tatu hizo, mtoto kaandika *hatua zilizobaki nne*.

"Kumi na tano, tisa, nne," Hamidu alirudia polepole. Hakuwa anacheka. "Hebu nione."

Alilisoma daftari akiwa amesimama, akalisoma tena. Mashairi hayakuwa fani yake, na siku hiyo kutoyajua ndiko kulikomfaa.

"Huyu ni Batuli wa Mzee Uwesu, anayekaa kule juu ya korongo?"

"Korongo gani?"

"Gladness, hii siyo njaa." Aliweka kidole kwenye mstari wa pili. "Korongo limekula shamba lake la ulezi, nimelipima mwenyewe na kidato cha nne mwaka jana. Linakatika kila mvua. Hana mlango, kinywa wazi, hana meno. Huyu mtoto hajaficha kitu. Anakuhesabia hatua kutoka ukingoni mpaka mlangoni kwao."

Gladness alitaka kubisha. Lakini alikumbuka lile swali la kiapo, na jinsi darasa lilivyocheka, na yeye alivyocheka nao.

"Nne ni za asubuhi," Hamidu alisema. "Mvua imeanza saa sita."

Alipiga simu ya Uwesu, ikawa haipatikani. Akapiga tena, jibu likawa lile lile. Gladness alikuwa ameshavaa koti la mvua na daftari amelisukumia kifuani. Walitoka bila kumuaga mtu.

Njia ilikuwa matope matupu na pikipiki ilikuwa ikiserereka. Huku akipigana na usukani, Hamidu alimpigia kelele mambo ambayo kila mtu Busi aliyajua isipokuwa mwalimu wa Kiswahili. Kaka yake Uwesu, Mzee Shaaban, alimkataza kujenga pale karibu na korongo. Wakagombana mbele za watu, nje ya msikiti, na Uwesu akasema nyumba itasimama na Shaaban atakuja kula pilau ndani yake. Ni miaka sita sasa. Tangu hapo, ukimtajia korongo anakufukuza.

"Watu wanasema kawaapisha mke na watoto!" Hamidu alipaza sauti. "Kwa msahafu! Neno la korongo lisitoke nje, lisimfikie Shaaban!"

Gladness alikuwa amemshika kiuno kwa nguvu zote, akiomba Mungu, na katikati ya maombi akijitukana.

Waliifikia nyumba kwa upande wa uani. Ilikuwa nyumba nzuri, ya tofali za kuchoma na bati lisilo na kutu. Gladness aliruka kabla pikipiki haijasimama, akaizunguka kona kwenda upande wa mbele, na hapo akasimama ghafla. Uwanja wa mbele haukuwepo. Palikuwa na ukingo mwekundu unaochuruzika, na chini kabisa maji ya rangi ya matofali yakiunguruma. Kutoka ukingoni hadi mlangoni alihesabu hatua mbili, kwa macho tu, maana hakuthubutu kuzikanyaga. Bonge la udongo kubwa kama debe lilimeguka mbele ya macho yake, likaenda.

Alirudi uani mbio. Mzee Uwesu alikuwa amesimama kwenye mlango wa nyuma, kanzu ya kazi imemlowa mabegani.

"Mzee, shikamoo."

"Marahaba, mwalimu. Mvua yote hii?"

Nyuma yake, sebuleni, mkewe Mwanasha alikuwa ameketi mkekani na mtoto mchanga mapajani, mwingine mdogo amemwegemea. Batuli alisimama ukutani na sare zake za shule. Alimtazama mwalimu wake mara moja tu, akainamisha kichwa.

"Mzee Uwesu, watoe watu," Hamidu alisema. "Korongo limefika."

Uso wa Uwesu ulibadilika. Hakumtazama Hamidu. Aligeuka ndani, kwa mke na binti.

"Nani kasema?"

Mwanasha alimvuta yule mdogo karibu zaidi.

"Nauliza, nani kasema? Shaaban ndiye kawatuma?"

Gladness aliligusa daftari chini ya koti. Ilitosha kulitoa na kusoma. Batuli aliiona pembe ya daftari ikichungulia, akatikisa kichwa, kidogo sana. Baba yake akilisoma, kiapo kimevunjwa, na mbele ya huyu mzee binti atabaki mvunja kiapo maisha yake yote. Na aliyemwambia kwamba kuficha si kusema alikuwa nani? Gladness alilirudisha daftari ndani.

"Hakuna aliyesema, mzee. Mimi nimeshikwa na mvua. Naomba unikaribishe ndani mpaka ikatike."

Hamidu alimtazama kama anayemtazama mtu aliyepata kichaa. Uwesu naye alikodoa macho. Katika nchi hiyo hakuna mtu anayemwacha mgeni mvuani, sembuse mwalimu wa mwanawe. Chini ya miguu yao ardhi ilipiga kishindo, na vikombe kabatini vikalia. Gladness alivua viatu. Aliinua mguu kuelekea kizingitini.

Uwesu alinyoosha mkono, akauziba mlango.

"Usiingie."

"Kwa nini, mzee? Nalowa."

"Usiingie, mwalimu. Wewe ni mtoto wa watu. Wazazi wako nitawaambia nini?"

Alipomaliza kusema alisikia mwenyewe alichokisema. Mkono ulibaki pale pale mlangoni, ila hakuna tena aliyejua unamzuia nani.

Mwanasha aliinuka mkekani. Mwanamke huyu alikuwa amenyamaza wiki nyingi za kulala nusu jicho, akisikiliza ardhi, na watu wa Busi walimjua kuwa mpole. Mtoto mchanga alianza kulia naye hakumbembeleza.

"Yeye asiingie," alisema. "Na mimi niliyemo? Na hawa? Wazazi wangu mimi ulipanga kuwaambia nini, Uwesu?"

Mkono wa Uwesu ulishuka.

"Tokeni," alisema, kwa sauti ndogo. Kisha akapiga ukelele uliowashtua hata mbuzi, "Tokeni nje! Tokeni!"

Batuli alimbeba mdogo wake. Hamidu alichukua godoro, Mwanasha mtoto na msahafu, Gladness akashika kilichokuwa karibu, sufuria yenye maharage mabichi, akakimbia nayo bila kujua kwa nini. Uwesu alirudi kufuata gunia la ulezi. Hamidu alilitupa godoro, akamkamata kanzu kwa nyuma, wakavutana mlangoni kama wezi wawili, na wakati wanavutana ukuta wa mbele ulipasuka kutoka dirishani hadi juu. Uwesu aliuona ufa. Aliliachia gunia.

Walikuwa wamefika njiani nusu ya mbele ya nyumba ilipokwenda. Bati lilipiga yowe, tofali zikafuata, na nusu ya nyuma ikabaki wazi, kabati la vikombe likionekana na watu wote. Uwesu alikaa chini kwenye matope. Alilia waziwazi, na hakuna aliyemwambia nyamaza.

Walikokwenda ni kwa Mzee Shaaban, maana ndiyo nyumba ya karibu. Mzee alifungua mlango akamkuta mdogo wake, matope mpaka kifuani. Bila shaka alikuwa na maneno, miaka sita ni mingi. Aliyaangalia yale matope, akawaangalia watoto.

"Ingieni. Watoto wanatetemeka."

Watu waliingia, moto ukawashwa, khanga kavu zikatafutwa. Gladness na Batuli walibaki barazani. Batuli alikuwa akikamua sketi yake, polepole, tone kwa tone.

"Batuli," Gladness alisema, "kwa nini hukunifuata pembeni ukaniambia?"

"Niliapa, mwalimu."

"Hata neno moja tu."

Batuli aliiacha sketi.

"Ile Alhamisi ya kwanza ulisoma mbele ya wote, ukasema umeiona picha yote. Uliposema ni njaa nikadhani nawe unanifichia, nikajua umeelewa. Nikaenda nyumbani nikafagia uani, nikakutolea kigoda. Mama akauliza anakuja mgeni gani, nikamwambia yupo." Alifuta uso kwa kiganja. "Kila jioni nilikuwa nakitoa, giza likiingia nakirudisha. Leo nilikata tamaa. Leo sikukitoa."